Mtoto akiita, nani anaitika?

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: mzazi afanye nini ili mtoto akifika darasa la awali asianze kwa kusuasua? Kabla sijashika kalamu, jirani zangu hapa Kibaigwa walishalijibu kwa mdomo: apelekwe twisheni, anunuliwe daftari mapema, akariri a, e, i, o, u akiwa na miaka mitatu. Mimi si mwalimu wala daktari. Nina mashine ya kusaga na kukoboa, na huu mwaka wa kumi na tisa nawaona watoto wa mji huu wakiwa mgongoni kwa mama zao, kwenye foleni ya unga. Jibu langu linatoka hapo mlangoni.

Siku moja mwezi wa Machi umeme ulikatika, foleni ikahamia chini ya mwarobaini. Walikuwepo akina mama wawili wenye watoto wa umri mmoja, kama miezi kumi hivi. Mtoto wa kwanza alinyoosha kidole kwenye mzani wangu wa kuning'iniza, akasema, "Bu!" Mama yake akageuka kufuata kidole. "Eee, mzani huo. Babu anapimia mahindi. Unaona unavyoning'inia?" Mtoto akasema "Bu!" tena, mama akajibu tena, wakaendelea hivyo robo saa nzima, mmoja ana neno moja tu na mwingine anayo yote. Wa pili naye akanyoosha kidole kule kule. Mama yake alikuwa amechoka, na simlaumu, alitembea na debe kichwani tangu alfajiri. Akaushika ule mkono, akaurudisha ndani ya khanga. "Tulia." Mtoto akaunyoosha mara mbili zaidi, kisha akaacha.

Huko kuacha ndiko kulikonikaa rohoni.

Tunakazana mtoto ajue kuitika. Akiitwa aseme "abee" au "naam", akikaa kimya tunasema hana adabu. Lakini yeye ndiye anayetangulia kutuita sisi, hata kabla hajalijua jina lake: analia, anaguna, anakukodolea macho, ananyoosha kidole. Nani anamwitikia? Wataalamu wana jina lake, malezi yenye mwitikio, nami nililisikia kwa mhudumu wa afya wa mtaa wetu alipokuwa akieleza ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma Desemba 2021. Inamhusu mtoto mpaka afikishe miaka minane, na inataja mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Manne nilikuwa nayaelewa. Hilo la mwitikio nilidhani ni maneno ya semina, mpaka nilipomkumbuka mwanangu.

Kifungua mimba wangu alizaliwa Oktoba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zikianza Desemba hakuna anayebaki nyumbani, ukichelewa kupanda umelala njaa mwaka mzima. Mama yake alirudi shamba mtoto akiwa na miezi mitatu, akawa anamwacha kwa binti wa ndugu yangu mwenye miaka minane. Mimi niliamini mtoto mchanga haelewi kitu. Kumsemesha niliona ni kujichekesha mbele za watu. Mwanamume mzima unaongea na mtoto wa miezi minne, mtasemaje? Akakua mkimya. Alipofika awali mwalimu alidhani hasikii. Alikuwa anasikia vizuri, ila hakuzoea kwamba akisema kitu, kitu kinatokea. (Hapa niseme: asiyeshtuka kwa kelele, au aliyefika mwaka na nusu bila neno hata moja, apelekwe hospitali akapimwe masikio. Msiseme tu "ukoo wetu huchelewa kusema", kama tulivyosema sisi.)

Sasa nije kwenye unga, maana huko ndiko ninakojua zaidi.

Kila siku naletewa "lishe" ya kusaga. Kwenye kiroba kimoja utakuta mahindi, uwele, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, na dagaa juu yake. Mama anaamini kadiri aina zinavyozidi ndivyo mtoto atakavyonenepa. Nafaka sita kwenye mfuko mmoja ni wanga mara sita, na ulezi wake mzuri peke yake ungetosha. Soya mbichi ndiyo mbaya zaidi, ina kitu kinachozuia mwili kumeng'enya protini, lazima ichemshwe au ikaangwe kwanza. Wengi hawajui hilo, nami nilisaga miaka kadhaa bila kuuliza. Siku hizi nauliza.

Na karanga. Mashine yangu haizipendi, mafuta yake yanaziba chekeche. Ila sababu kubwa si mashine. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka huchacha upesi, na iliyooza haionekani tena ikishakuwa unga. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu huku kwetu, Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yenye sumu hiyo. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizopata ukame shambani au zilizowekwa ghalani bila kukauka. Haina harufu, na kuchemsha uji hakuiondoi. Kwa mtoto inahusishwa pia na udumavu, ambao kwa utafiti wa taifa wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano. Kwa hiyo nina ungo mlangoni. Mama akifika na karanga namwomba azimwage, azichambue punje kwa punje, zenye weusi, zilizosinyaa na zilizopasuka zitoke, halafu azirudishe nyumbani akazitwange kidogo kidogo siku ya kupika. Napoteza hela ya kusaga. Wengine huninunia wakaenda mashine ya jirani.

Hata unga ukiwa safi, kuna namna ya kulisha. Huku kwetu bado kuna kumkaba mtoto: analazwa mapajani, pua inabanwa, uji unamiminwa. Kwanza ni hatari, anaweza kupaliwa. Pili, uji wa kukaba huwa mwepesi kama maji, tumbo linajaa na nguvu hakuna. Mkwe wangu hampi kitu ila maziwa yake mpaka miezi sita, baada ya hapo uji mzito usiochuruzika kwenye kijiko, yai likipatikana, mlenda, mchicha uliopondwa, ubuyu kidogo. Mtoto akigeuza uso anasubiri, akifungua mdomo anampa. Nilimuuliza mbona unachelewa hivyo, akasema, "Baba, namsikiliza." Kumbe hata kwenye kijiko kuna kuitika.

Chanjo na vitamini A sitavirefusha, kadi ya kliniki inaeleza. Nina lalamiko moja tu: kwenye kituo tulichokuwa tunakwenda uzito walipima kila mwezi, urefu ilikuwa bahati, na udumavu unaonekana kwenye urefu. Mama aulize.

Kuhusu akina baba, sina la kujitetea. Sasa mjukuu wangu wa miaka minne anashinda na mimi mashineni mama yake akiwa shamba. Nimegonga mbao kutenga upande wa mkanda na mota, haruhusiwi kuvuka, na kwenye vumbi la unga hakai. Kituo chake ni benchi la nje, na vizibo vya soda, magunzi anayoyavisha vitambaa, na visado viwili vitupu. Namsemesha Kigogo. Watu wananionya kwamba atateseka na Kiswahili cha shuleni. Mbona wateja wanamsalimia kwa Kiswahili kutwa nzima, naye anajibu? Anayejua kueleza jambo kwa lugha ya nyumbani anakwenda shule na jambo la kueleza, maneno mengine mwalimu atampa. Darasa la awali ni mwaka mmoja tu, huwezi kumtegemea mwalimu mwenye watoto lukuki aanze kwa kumfundisha mtoto kuongea.

Daftari hana, na twisheni haendi. Ila wiki iliyopita nilikuwa nampimia mteja mahindi, huku tunabishana habari za bei ya gunia sokoni. Nikamaliza, nikamwambia, visado sita, nikamtajia hela. Sauti ikatoka kwenye benchi, "Babu, vitano." Alikuwa amepanga kizibo kimoja kwa kila kisado nilichomimina. Mteja akaangalia vizibo, akaniangalia mimi. Nikamrudishia hela ya kisado kimoja.