Moto mpya imetoka magazeni, lakini bado haijamalizika kufungwa

Wandugu wenye mnataka kununua moto, yaani pikipiki, hii naandika juu nimechoka kuona watu wanatoka Birere, hapa Goma, na pikipiki ingali na nailoni kwenye kiti, wanakimbiza moja kwa moja mpaka Mugunga, eti kitu kipya hakina kasoro. Mimi pia nilikuwa hivyo.

Mambo iko hivi: ile moto haikufika Goma ikitembea. Ilikuja ndani ya kasha, pine ya mbele imetengwa, gidoni (usukani) imelazwa, retroviseri (vioo vya pembeni) ndani ya karatasi, batri pembeni. Wenye kuifunga, yaani kuunganisha vipande vyake, ni vijana wa pale nyuma ya magazeni, na pale niliponunua walikuwa wanalipwa kwa kila moto wanayomaliza, sasa hesabu mwenyewe kama mtu wa namna hiyo atarudi kukaza bulo (bolti) mara ya pili. Siwalaumu sana. Yangu ilikuwa ya nne asubuhi ile, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama juu ya vichwa vyao nawaharakisha. Nikauliza kama batri imechajiwa, wakajibu, "Mukubwa, moto iko mupya, washa tu uende."

Nikaenda. Siku ya tatu nateremka kule Ndosho, nasikia kitu kinagonga nyuma kila nikikanyaga freni, ka, ka, nikasema ni makoro, yale mawe, yanaruka, barabara zetu unazijua. Baadaye ikazidi, nikasimama, nikainama. Kuna fimbo ya chuma inashika mfuniko wa freni ya nyuma usizunguke pamoja na pine. Ekru (nati) yake ilikuwa imefika mwisho wa uzi wa bulo, ungeitoa na kidole kimoja, na kale kapini ka miguu miwili kenye kinapita ndani ya bulo ili ekru isitoke, hakakuwepo kabisa, tundu tupu linakuangalia. Ile fimbo ikiachia wakati unafunga freni, mfuniko unavutwa na pine, vyuma vinakunjwa, pine inaweza kushika hapo hapo kwenye mteremko. Nilikaa kwanza kwenye jiwe, miguu haikuwa yangu.

Jioni nikaisukuma mpaka kwa muzee mmoja fundi wa kwetu. Akacheka, akanipa kle (spana) ya 14 mkononi. "Kadogo, ulilipa moto, haukulipa kukaza. Kaa chini." Tukaanza upya toka mbele mpaka nyuma, masaa mawili.

Sasa wewe usingoje siku ya tatu. Tafuta kle ya 10, 12, 14 na 17, na kwanza gusa kila bulo yenye unaona: za gidoni, za ekseli mbili za pine, za amotisa (shokapu), za moteri (injini), za egzozi. Lakini usikaze na hasira, hasa zile zinaingia ndani ya aluminiyumu ya moteri, uzi ukikatika pale utalia. Simamisha moto kwenye stendi ya katikati, mtu akandamize nyuma ili pine ya mbele ipande, halafu shika furshi zote mbili, zile nguzo zinashika pine ya mbele, uvute mbele na nyuma. Ikigonga, shingo ya gidoni imelegea. Kisha washa moteri, iache ipumue polepole, zungusha gidoni yote kushoto, yote kulia. Yangu ikifika kushoto ilikuwa inapandisha sauti yenyewe bila mtu kugusa gesi, ile ya kuongeza mwendo, kumbe kabo (waya) ya gesi walipitisha upande mbaya, inavutwa. Fikiria unakata kona na moto inakimbia peke yake! Kuirekebisha ilikuwa dakika kumi tu.

Sheni (mnyororo), isukume na kidole katikati chini, icheze kama sentimita 2 mpaka 3 hivi, kitabu cha moto kitakuambia kipimo kamili, na alama za kushoto na kulia kwenye ekseli zilingane. Halafu angalia kale kaklipsi kanafunga sheni, kanafanana na samaki sambaza: kichwa kiende kule sheni inakimbilia, mkia wazi ubaki nyuma. Yangu ilikuwa inaogelea kinyumenyume. Reyo (spoki za pine) nazo zigonge moja moja na kle, yenye imelegea sauti yake imekufa, utaisikia tu.

Uile (mafuta ya moteri) pima kabla ya kuwasha, na upepo wa pine pia. Batri, kama ni ya kutia asidi, idai ichajiwe pole pole masaa kadhaa kabla haijafungwa, ukikubali ile ya washa uende itakufa mapema.

Na kitu kikikosa, kama kale kapini kangu, piga picha urudi magazeni siku ileile, usikae unatafuta waya wa kufungia. Walinipa kapya bila kelele, waliona aibu.

Reyo na sheni nilirudia kuangalia wakati wa vidanji (kubadilisha uile) ya kwanza, kwenye kilometa 500, na kweli reyo tatu zilikuwa zimelegea tena. Kwa ekru nilipata ujanja: nilichukua verni nyekundu ya kucha ya mama watoto, nikachora kamstari kutoka kwenye ekru mpaka kwenye chuma. Kamstari kakikatika, ekru imetembea. Aliuliza verni yake iliisha vipi, nikamuita nje, nikamuonyesha pine ya nyuma.