Usimsahihishe baba mkubwa mbele ya ukoo

Dada wa Chamwino, nimekuelewa. Baba mkubwa anatuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba nyungu, yaani kujifukiza mvuke wa majani yaliyochemshwa, inatibu Uviko-19, wote wanaitikia "asante mzee", nawe unajua si kweli ila unaogopa kuonekana huna adabu.

Usimpinge hapo. Kwetu mkubwa akisahihishwa na mtoto hadharani, ugonjwa unasahaulika na mjadala unakuwa wa heshima. Mtumie mjukuu wake: ana utani na babu, anaweza kumwambia jambo zito wakacheka na likaingia. Hayupo? Shangazi. Mimi hupenda zaidi kumfuata mzee nyumbani jioni na kuuliza, "Baba, taarifa hii umeipata kwa nani?" Mara nyingi kaipokea kwa mtu anayemwamini, naye kaituma kwa kuwapenda. Mshukuru kwa hilo kwanza, kisha mwombe yeye mwenyewe atume maelezo sahihi ya mhudumu wa zahanati. Neno lake ndilo litakalosikilizwa.

Nyungu usiitukane, mwaka 2020 watu wengi waliikimbilia kwa hofu. Sema tu kwamba haiui kirusi, na maji yale ya moto yameunguza watu, watoto hasa.

Ila mtu akianza kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, au midomo kubadilika rangi, msisubiri kikao cha ukoo wala ruhusa ya mzee. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Kwa ushauri, pigeni 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.