Maswali ya Wasomaji: Mkono wa Mlango Uliong'oka

SWALI: Ndugu Mhariri, ninayo Volkswagen Beetle ya mwaka 1972 niliyoirithi kwa marehemu baba, nayo ingali inatembea. Mwaka jana fundi alinifungia mikono mipya ya kuvutia milango kwa ndani. Baada ya miezi miwili, ule wa upande wa dereva uling'oka pamoja na kipande cha ubao. Je, nitumie skrubu nene zaidi, au nitoboe matundu mapya pembeni? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usifanye lolote kati ya hayo mawili kabla ya kuutoa ubao wote wa mlango. Kipande kilichotoka na mkono kinaonyesha kwamba skrubu zilishika ubao peke yake, wala hazikulifikia bati. Ubao huo ni hadibodi iliyovikwa reksini, na kazi yake ni kusitiri mlango, si kubeba nguvu za mtu anayeuvuta kila siku. Isitoshe, Beetle imezibwa vizuri kiasi kwamba vioo vikiwa vimefungwa vyote, hewa ya ndani huuzuia mlango usijifunge, na dereva hulazimika kuuvuta kwa nguvu zaidi. Zoea kuteremsha kioo kidogo kabla ya kufunga.

Fungua kwanza mkono wa kupandishia kioo, ambao katika gari la umri huo hushikwa na skrubu iliyofichwa chini ya kifuniko cha plastiki, kisha ubandue ubao polepole kwa kuingiza bapa la plastiki karibu na kila klipu, maana ukivuta katikati hadibodi itakatika. Nyuma yake litazame bati kwa makini. Hewa ya chumvi ya pwani, pamoja na maji ya mvua yanayopenya kwenye upenyo wa kioo, hula kingo za matundu hadi skrubu zikose pa kuuma. Kutu ikwanguliwe mpaka chuma kionekane, kisha kipakwe rangi ya kuzuia kutu. Tundu lililopanuka litiwe nati ya kubana, ile inayoingizwa kama ribiti na kujikaza nyuma ya bati, ili mkono ufungwe kwa bolti badala ya skrubu ya kujichimbia.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni urefu wa bolti. Teremsha kioo hadi chini kabisa, upime nafasi iliyopo kati ya bati na kioo, na uchague bolti ambayo ncha yake haitakigusa, kwani bolti ndefu hukikwaruza kioo au hukivunja siku ya kwanza kinapoteremshwa. Matundu mapya sikushauri, kwa kuwa yatalidhoofisha bati na kuondoa mpangilio wa asili wa gari la mzee wako, ambalo linastahili kuhifadhiwa lilivyo.

Kabla ya kurudisha ubao, bandika nailoni nzima juu ya bati, na uhakikishe matundu ya kutolea maji chini ya mlango hayajaziba. Ikiwa hadibodi imevimba, chonga nyingine kwa kufuata umbo la ile ya zamani. Kisha kaza bolti kwa bisibisi ya mkono, kila moja kidogo kidogo kwa zamu, mpaka mkono utulie bila kuuminya ubao.