Kwa nini embe limepiga manjano nje na ndani bado gumu

Dada, hilo embe lako aina ya ngowe, la soko la Kongowea Mombasa, manjano nje na ndani gumu, kali kama ndimu, lilichumwa changa. Jeni za embe, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli zake, hufanya kazi kwa zamu. Likiwa bado mtini, kwanza ni zile za kugawa seli na kuzitanua, kisha za kujaza wanga. Likishapevuka ndipo jeni za kutengeneza ethilini, gesi inayoivisha tunda, huamka, na gesi yenyewe huzidi kuzichochea, ndiyo maana embe likishaanza kuiva halirudi nyuma. Hapo vimeng'enya, protini zinazoharakisha mabadiliko ndani ya tunda, hutoka kwa wingi: vingine huvunja wanga kuwa sukari, vingine hulegeza pektini inayoshikanisha kuta za seli (bonyeza karibu na kikonyo utasikia panabonyea), vingine hutengeneza karotini, ile rangi ya nyama yake. Ganda lina mambo yake. Kijani kikipotea tu, manjano yanajitokeza.

Wenye haraka zao hutumia kabaidi, kemikali ya kuivishia matunda. Ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi inayoigiza ethilini. Ganda linadanganyika, lakini wanga ambao haukuwekwa utageukaje sukari? Tena kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, mimi siitaki karibu na chakula.

Siku nyingine tazama mabega: embe pevu huwa yamejaa na kupanda juu ya kikonyo. Lifunge kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu, ambayo nayo hutoa ethilini. Hilo ulilonalo, kama una hakika halikutiwa kabaidi, lifanyie achari tu.