Kanga akisimama nampata, akiruka nakosa: shida ni risasi au kitako?

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Tabata, nimenunua shotgan ya namba 12, mitutu miwili juu na chini, kwa mzee mmoja aliyeacha kuwinda, vibali viko sawa. Kanga akiwa chini nampata vizuri tu, ila wakiruka nakosa hata wakiwa karibu. Washkaji wanasema ninunue risasi zenye marisau (vile vipunje vya ndani ya risasi) makubwa zaidi. Huyo mzee ni mrefu sana kunizidi, sijui kama inahusu. Nibadilishe risasi au niiuze tu?

JIBU: Nzuri kaka. Inahusu sana, na hilo la urefu wa mzee ungelianza nalo kabisa. Risasi achana nazo kwanza.

Shotgan haina saiti ya nyuma kama raifo, saiti ya nyuma ni jicho lako, na anayeamua jicho likae wapi ni kitako, yaani ile sehemu ya nyuma unayoegemeza begani, pale shavu linapolala. Kanga akiwa amesimama una muda, unainua shingo kidogo, unasogeza kichwa, unalazimisha jicho likae kwenye mstari hata kama kitako si chako, ndo maana unampata. Wakiruka huo muda haupo, bunduki inapanda begani, shavu linaangukia popote linapoangukia na unafyatua hapohapo, kwahiyo bunduki inapiga kule kitako kinakotaka na sio unakoangalia wewe.

Sasa vitako vingi mgongo wake unashuka kadiri unavyoenda nyuma. Kitako kikiwa kirefu kwako shavu linakaa nyuma zaidi, kwenye sehemu ya chini zaidi, jicho linashuka, na jicho likishuka unapiga chini. Kanga naye anaruka kwa kupanda juu. Wewe unapiga chini, yeye anapanda, mtaonana wapi? Kikiwa kifupi mno mambo yanageuka, shavu linasogea mbele linapanda, unapiga juu, na kidole gumba kinakupiga puani kila ukifyatua.

Kwa hesabu, jicho likihama milimita 1.5 tu, marisau yanahama kama sentimita 2.5 kwenye mita 15. Tuseme limeshuka milimita 6, kwenye mita 35 hiyo ni zaidi ya sentimita 20. Peke yake pengine usingekosa kabisa maana marisau yanatawanyika, lakini jumlisha na ndege anayepanda na mkono uliosimama wakati wa kufyatua (hili wengi mnalo, mnasimamisha mtutu ili mlenge, USISIMAMISHE) hapo lazima apite.

Pima hivi. Fungua mitutu, angalia vyumba vyote viwili vya risasi havina kitu, angalia tena, risasi ziache chumba kingine kabisa. Simama mbele ya kioo kikubwa, angalia jicho lako kwenye kioo, fumba macho, pandisha bunduki begani kama unavyofanya porini, kisha fumbua. Usirekebishe kichwa! Mboni ya jicho inatakiwa ionekane imekaa juu kidogo tu ya ule ubapa wa juu ya mtutu, katikati. Ukiona nusu ya jicho imezama nyuma ya chuma, uko chini. Likiwa limeegemea kushoto, utapiga kushoto. Angalia na nafasi kati ya pua na kidole gumba, vidole viwili mpaka vitatu ni sawa. Ile ya kuweka kitako kwenye kiwiko na kuona kama kidole kinafika triga isikudanganye, haijui shingo yako wala mabega yako.

Na vaa nguo unazowindia. Bunduki nyingi zinatoka Ulaya kwa watu wanaowinda na makoti mazito, na koti nalo linajaza nafasi begani, sisi joto hili ni fulana na shati, kwahiyo usikimbilie kufupisha sana.

Halafu jicho gani ni bosi? Fumbua yote mawili, nyooshea kidole kitu cha mbali, fumba la kushoto. Kidole kikibaki palepale, la kulia ndo bosi. Kikiruka pembeni na wewe unapigia bega la kulia, hiyo ni shida nyingine, hata kitako cha dhahabu hakitakusaidia, mtafute mwalimu.

Baada ya kioo nenda eneo la shabaha linaloruhusiwa, tundika kadibodi kubwa yenye alama katikati, mita 15, pandisha fasta piga, risasi kadhaa alama ileile, uone katikati ya matundu ni wapi. Yakiwa chini, kata vipande vyembamba vya povu la kandambili, bandika juu ya kitako shavu linapokaa, funga na tepu, ongeza kidogokidogo huku unapiga mpaka matundu yapande. Kwa kanga mimi napenda yawe juu ya alama kidogo, sababu anaruka kwa kupanda. Ni mbaya kuangalia lakini inakupa kipimo, na kuna watu wamewinda na tepu hiyo miaka.

Kukata ndo mwisho, na usinipelekee kitako Keko kwa mafundi vitanda, mninga wanaujua ila hawajui kwamba pembe ya kule nyuma ikikosewa bunduki inateleza begani, na humo ndani kuna tundu la bolti. Nenda kwa fundi bunduki mwenye leseni, mwambie akate pungufu ya unachotaka, maana akizidisha itabidi afidie na mpira wa nyuma. Ukishapiga kadibodi nitumie picha uandike na urefu wako, nikwambie kama kuna haja ya msumeno.