Fundi Anajibu: Breki Zilizonyamaza Zenyewe

SWALI: Fundi, habari ya kazi? Nina Probox ya kubebea mboga kutoka Marikiti hadi kibandani kwangu. Mwezi uliopita gurudumu la mbele kushoto lilianza kulia "kiii" kila nikikanyaga breki. Fundi wa kando ya barabara alitoa pedi, akazipiga msasa, akasema ni vumbi, akachukua shilingi 500. Kelele iliisha siku tatu, ikarudi, halafu wiki iliyopita ikanyamaza yenyewe. Nikashukuru Mungu. Sasa nikisimama pale raundi ya City Stadium nasikia kama mahindi yanasagwa. Ni vumbi tena?
Mama Mboga, Utawala

JIBU: Mama, egesha hilo gari leo. Mboga za kesho tafuta mwenye pikapu akubebee.

Pedi ndizo zinazobana diski, lile sahani la chuma linalozunguka na gurudumu, ili gari lisimame. Nyingi zina kijibati pembeni. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Ikilika hadi kama 3, kijibati kinagusa diski na kuanza kulia, makusudi, ili usikie. Nadhani chako kililia mpaka kikapinda au kikaisha. Umesema mahindi: jiwe la kusagia ni bamba la chuma lililo mgongoni mwa pedi, na mahindi yenyewe ni diski yako.

Msasa si uongo mtupu. Nimewahi kuutumia kwa gari lililoteremka Mai Mahiu mguu ukiwa juu ya breki njia nzima, pedi zikachomeka na kung'aa kama sahani. Lakini huyo bwana alikuwa na pedi mkononi! Angetazama tu zimebaki kiasi gani.

Gari likipoa, pitisha ukucha juu ya diski. Ukikwama kwenye mifereji, diski imeumia. Itachongwa kwa mashine ikiwa bado ina nyama. Kipimo cha mwisho mara nyingi kimepigwa muhuri kwenye diski yenyewe, fundi akusomee. Ikipungua hapo, ni kununua nyingine.

Halafu muulize kwa nini kushoto peke yake. Mara nyingi pini za kalipa, kile kibanio kinachosukuma pedi kwenye diski, zimekauka kwa vumbi na maji, kalipa haitelezi, pedi ya ndani inaisha huku ya nje ikionekana nzima. Anayechungulia kupitia matundu ya rimu huiona ya nje, anakuambia uko sawa. Pini zisafishwe na kupakwa grisi ya breki. Pedi zibadilishwe pande zote mbili za mbele, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Ukienda Grogan kununua vipuri, beba ile ya zamani mkononi ulinganishe. "Ya Probox" haitoshi, zipo za aina kadhaa.

Na kama mtu alikuongezea mafuta ya breki hivi karibuni, mwambie fundi kabla hajaanza. Pedi zikilika mafuta hushuka kwenye chupa. Pedi mpya zikiingia hupanda tena, yakamwagika, na yale yanakula rangi ya gari.

SWALI: Langu hukwaruza asubuhi tu, mvua ikinyesha usiku.
Dereva, South B

JIBU: Kutu ya usiku mmoja kwenye diski. Kanyaga breki mara tatu nne ukitoka getini, itafutika. Ikifika Nyayo Stadium bado inakwaruza, niandikie tena.