Rangi kubanduka kwenye askari wadogo wa Waterloo
Umeuliza kwa nini rangi inabanduka kwenye sanamu zako ndogo za askari wa Ufaransa wa vita vya Waterloo vya mwaka 1815, zenye kimo cha milimita 28, na jinsi ya kupamba vitako vyake, yaani vibao zinavyosimamia. Mara nyingi kosa hufanyika kabla brashi haijashikwa: sanamu hutoka kiwandani zikiwa na mabaki ya mafuta ya kalibu (chombo zinamomiminwa ili zipate umbo), yanayozuia rangi isishike, kwa hiyo zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uziache zikauke kabisa, ndipo uzipulizie tabaka jembamba la rangi ya msingi. Rangi ya buluu ya makoti izimue kwa maji, uipake mara mbili, kisha upitishe kahawia nyepesi sana itakayotulia kwenye mikunjo ya nguo. Mikanda myeupe, ambayo nakiri hunimalizia subira, ibaki ya mwisho.

Kitako kipake gundi nyeupe ya mbao, ukichovye mchangani, na kikishakauka ukipake kahawia iliyokolea, halafu ukipitishie juu juu brashi iliyokaribia kukauka, yenye rangi hafifu, iguse ncha za chembe tu. Nyasi za bandia zisijae kila mahali: usiku wa kuamkia vita hivyo mvua kubwa ilinyesha, hivyo matope kidogo kwenye viatu na pindo za suruali yatafaa zaidi.